Mpini wa Mzee Asiyejiweza

Shuka za nyumba ya wageni zilipotoka pipani zikiwa za waridi, Mama Pacha hakufoka. Afadhali angefoka, maana mwanamke anayefoka hupoa. Alizitoa moja moja kwa mti wa kukorogea, akazikamua, akazianika zote kambani kana kwamba ziko sawa, kisha akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akaziangalia. Chini kabisa ya pipa ilikutwa fulana nyekundu ya mmoja wa mapacha. Aliyeitia humo alikuwa baba mkwe wake, ambaye asubuhi ile aliomba kusaidia.

Baba mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Fundi Mpini. Karibu maisha yake yote alikaa kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi akitia mipini kwenye majembe, nyundo, sururu na mashoka ya watu. Macho yalipoanza kuingia ukungu alilificha jambo hilo, hadi siku alipojitoboa kiganja kwa patasi, na mwenye duka akamwambia kwa heshima zote akapumzike. Mwanawe akamchukua kwa muda, mpaka mvua zikatike. Mvua zilikatika, zikanyesha tena, zikakatika, na Mzee bado alikuwa analala katika chumba cha nyuma chenye magunia ya sabuni.

Mwanawe ni dereva wa lori. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kukwepa: palipo na maneno magumu, yeye alikuwa safarini. Safari hii alikuwepo. Mkewe alimweleza kwamba nyumba ya wageni imepeleka nguo zake kwa dobi mwingine, na kwamba hao ndio waliokuwa wakiwalisha yeye anapokaa wiki nzima bila mzigo wa kubeba. Akamwambia pia, bila kupandisha sauti, kwamba yeye hataondoka, watoto hawataondoka, na pipa la kufulia haliondoki. Dereva akajaribu kumtaja dada yake. Mama Pacha akacheka. Huyo dada yake ana chumba kimoja na mume asiyetaka hata wageni wa mchana.

"Basi fanya unavyoona," Dereva akasema, akatoka kwenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Mama Pacha akafanya alivyoona. Alivaa nguo ya kutokea, akaenda hadi nje ya mji, ng'ambo ya tanuri za matofali, kwenye nyumba ya wazee. Msimamizi wa pale alikuwa mwanamke mwenye haraka. Alisema nafasi ipo, kitanda kimoja kimebaki wazi, lakini masharti ni yale yale. Pale wanachukuliwa wazee wanaojiweza, yaani mtu anaoga mwenyewe, anakula mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe, na kama mikono yake inajua kazi, bora zaidi. Asiyejiweza ni mzigo wa ukoo wake. Akaahidi kuja mwenyewe amwone huyo mzee, maana watu ni waongo.

Njiani kurudi Mama Pacha alikuwa akiwaza jinsi ya kumwonyesha mgeni kwamba kipofu anajiweza, ndipo akakikumbuka kishoka.

Kilikuwa kishoka kidogo cha kuchanjia kuni za uani, cha mkono mmoja. Mpini wake ulikatika zamani, na tangu hapo Mama Pacha alikuwa akivunja kuni kwa goti na kutukana. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, wahenga walishasema, na nyumba ile ilikuwa na mtia mipini ndani yake, lakini hakuna aliyewahi kumpa kazi hiyo, kwa sababu ukishampa kipofu shoka watu watasema umetaka afe.

Alimpelekea Mzee kishoka yeye mwenyewe. Akamwita baba kwa sauti laini, akamtolea kigoda penye mwanga, akasema kuni zinamtesa, na kwamba mikono kama yake haipatikani tena mtaani. Tangu siku ya shuka mkwe wake alikuwa hamsemeshi ila kwa kupitia watoto. Mzee hakuuliza kulikoni. Mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani.

Akakipima kwanza uzito, kiganja hiki, kisha kile. Akakifunga uzi, akakining'iniza sikioni na kukigonga kwa ukucha. Kililia vizuri, mlio mrefu usiokwaruza, maana yake chuma hakina ufa. Akatia kidole gumba katika tundu la mpini, akakuta kisiki cha mpini wa zamani na misumari mitatu iliyopigiliwa hovyo na mtu asiyejua. Akapitisha tupa kwenye makali. Tupa ikateleza kidogo kabla ya kung'ata.

"Chuma kizima hiki," akasema. "Kilichokufa ni mpini tu."

Mama Pacha akasema basi akitie chini ya pipa, moto uunguze hicho kisiki, wakati wa kutengeneza usipotee. Mzee akakikumbatia. Akamweleza kwamba chuma kikiungua kinakuwa laini, hakishiki makali tena, na watu wengi wameua mashoka yao kwa haraka hiyo. Mkwe akasema haya baba, wewe ndiye fundi, akaenda zake.

Mzee akakitoboa kisiki kwa msumari mnene na nyundo, taratibu, akaichomoa mmoja mmoja ile misumari ya mpumbavu. Kisha akavuta kutoka uvunguni mzigo wake wa miti. Vilikuwa vipande vya mti mgumu alivyopasua mwenyewe enzi za kuona, akavikausha kivulini miaka na miaka, na ndiyo mali pekee aliyokuja nayo katika nyumba hiyo. Alivipapasa kimoja kimoja akitafuta nyuzi zilizonyooka toka ncha hadi ncha, kwa sababu nyuzi zikikata upande, mpini utakatika mkononi mwa mtu. Akakipata. Akaanza kukichonga kwa kisu, na mwisho kukipara kwa kigae cha chupa.

Mapacha walikuwa wasichana, Kurwa na Doto. Kurwa alikuwa wa mama yake. Doto alikuwa wa babu, akikaa mbele yake na kuuliza maswali hadi anafukuzwa. Alitaka kujua kwa nini mpini usiwe mnene kabisa ili usivunjike. Babu akamwambia mpini mnene unachosha kiganja, na kiganja kilichochoka ndicho kinachokata miguu ya watu. Siku zile alicheka, akala vizuri, hata akaimba. Alijua kabisa anachokitaka: kubaki katika chumba kile cha sabuni, asikie watoto wakiondoka kwenda shule na akisikie kishindo chao wakirudi. Aliamini akikabidhi kishoka kimekaza, mkwe wake atakumbuka kwamba hakuja pale kuharibu tu. Maskini, hakuwa na habari.

Habari aliletewa na binti yake, dada wa Dereva, ambaye watoto walimwita Shangazi. Alikuja siku moja kabla ya mgeni. Alimkuta baba yake akiupaka mpini mafuta, mpini umeshachomekwa tunduni bila kabari ya kuukaza na tayari hauchezi. Alikaa, hakugusa chai. Baada ya kuulizana hali akauliza kama anajua kesho anakuja nani. Mzee akasema mgeni wa mkwe, mtu anayetaka kuona kazi ya mikono.

Binti akamwambia yote. Alimwambia upesi upesi kama mtu anayebandua plasta: nyumba ya wazee, kitanda kilichobaki wazi, masharti, na kishoka kilikuwa cha nini. Mzee alisikiliza huku kidole gumba kikizunguka mpinini. Binti alipomaliza, Mzee akamuuliza swali moja tu, kama kwake hakuna hata pa kulaza mkeka.

Binti alilia. Alieleza habari za mume wake, na za chumba, na za pazia linalogawa chumba, na jinsi mume anavyosema kila mtu alee wa kwake. Alilia kwa kweli, na tusimdhulumu. Lakini machozi yalipokwisha alitazama jua limefika wapi, akakusanya mkoba wake. Mlangoni alisimama.

"Baba, wanaochukuliwa ni wanaojiweza," akasema kwa sauti ya chini. "Kama unataka kubaki, usijiweze."

Kesho yake Mama Pacha alimvalisha Mzee shati lililopigwa pasi, akamkalisha mkekani uani, akamwekea kishoka, kabari na nyundo mahali ambapo mkono wake ungevifikia. Msimamizi alipofika aliviona viatu vyake vimeingia matope ya sabuni, akakunja uso. Alimsalimia Mzee kwa kelele kama wafanyavyo watu wanaodhani upofu uko masikioni. Akamshika vidole, akatazama kucha, akamfunua kope. Hata anayenunua mbuzi huwa na aibu zaidi ya vile.

Mama Pacha akamwambia baba amalizie ile kabari tu, mgeni aone. Dereva alikuwa amesimama kando, akiangalia juu ya ukuta.

Mzee akachukua kabari. Mikono yake ilijua pa kuiweka, na ilimbidi aikataze. Akaiweka upande, ikikata nyuzi, akainua nyundo na kupiga. Mpini ulilia. Akapiga tena kwa nguvu, ukapasuka kutoka kichwani hadi katikati, ule mpini aliouchonga siku tatu, na kishoka kikamdondokea pajani. Alisikia uchungu ambao paja halikuhusika nao. Kisha akauliza kama mkewe amesharudi sokoni. Mkewe alikuwa kaburini tangu kabla ya mapacha kuzaliwa.

"Baba," Dereva akasema.

Mama Pacha akacheka kicheko kikavu, akasema ni uchovu, jana hakulala. Akampa chai. Mzee akaimimina shatini. Msimamizi bado hakuridhika. Alisema mikono kutetemeka ni kawaida, wapo kule wanaotetemeka zaidi na wanasukuma maisha. Akaanza kuuliza habari za nguo atakazokuja nazo. Mzee alimsikia mkwe wake akijibu kwa furaha kwamba nguo zipo, zote safi. Hapo akajua kwamba chai haitoshi.

Basi akajiachia. Mtu mzima, mwenye mvi, mbele ya mke wa mwanawe, mtu ambaye hata koti lake alikuwa halivui mbele yake kwa heshima ya ukwe. Maji yalipita katika suruali, yakaingia mkekani, yakatambaa hadi karibu na viatu vya mgeni. Kurwa alicheka. Mama Pacha aligeukia ukuta. Msimamizi akainuka, akavuta mkoba wake kifuani.

"Mama, huyu si wetu," akasema. "Huyu ni wa kwenu."

Mzee alikuwa ameshinda. Alikaa katika ushindi wake mpaka ulipoanza kuwa baridi, na hakuna aliyekuja kumwinua.

Sasa ngoja niwaambie asiyejiweza anavyoishi. Kwanza alitolewa chumbani, maana anayejikojolea hawezi kulala karibu na sabuni za biashara. Akatandikiwa nailoni kwenye ubaraza wa jikoni. Chakula alilishwa kwa kijiko, taulo limefungwa shingoni, na mlishaji akiwa na haraka kijiko kiligonga meno. Watu wakaacha kuongea naye, wakawa wanamwongelea. Majirani walikuja kufuata nguo zao wakauliza hali yake kwa mkwe huku wamesimama juu ya miguu yake. Dereva akiwepo ndiye aliyemwogesha, uani, katikati ya kamba za nguo, kwa maji ya pipa yaliyobaki. Alimsugua huku amegeuza uso. Dereva akiwa safarini, Mzee alinuka.

Mama Pacha hakuamini moja kwa moja. Mara nyingine alimwekea sahani mbele na kuondoka, kisha akachungulia dirishani. Mzee alisikia nyayo zake zikisimama. Aliacha sahani, njaa ikimkata, hadi nzi wakaila.

Siku moja akasikia harufu. Moto wa chini ya pipa siku hiyo ulikuwa na harufu nzuri, ya mti mkavu uliotunzwa, na haukupasukapasuka kama kuni za kununua. Mama Pacha alimwambia jirani kwamba amesafisha kile chumba, amekuta mzigo wa vijiti uvunguni, kuni nzuri ajabu, haziachi moshi. Mzee aliangalia upande wa joto. Angesema nini? Mwenye kujikojolea ana miti gani? Alifungua mdomo, akaufunga, na mate yakamtoka yenyewe bila kuigiza.

Kishoka hakikusahaulika, kwa sababu kuni za goti zilikuwa zimerudi. Dereva alipopata siku za kukaa nyumbani aliamua kukitia mpini mwenyewe. Alikata tawi bichi la mti wa uani, akalimenya, akalisokomeza tunduni, likacheza. Akapigilia misumari, bado likacheza. Akakitumbukiza chote ndani ya beseni la maji, kikalala humo. Asubuhi mti umevimba, umebana kabisa. Akamwonyesha mkewe, akisema kazi yenyewe ndogo hivi, na baba alikuwa akiifanya kama ibada. Mama Pacha alikisifu. Kikawekwa juani kikauke.

Mzee aliyasikia yote hayo pale kwenye nailoni yake. Hakuna fundi asiyejua ujinga wa beseni. Mti ukinywa maji huvimba, ukijisaga wenyewe katika ukuta wa chuma, na ukikauka husinyaa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mwenye shoka anadhani amekaza, kumbe amelegeza. Alijua, akanyamaza, kwa sababu asiyejiweza hajui kitu.

Kilikauka juani. Siku ya mapumziko Dereva akaburuta gogo hadi katikati ya ua, akaanza kuchanja kuni. Kurwa alikuwa ndani na mama yake. Doto alikuwa akiokota vibanzi, na alipochoka akakaa juu ya ndoo, akiwa amemtazama baba yake.

Mzee alisikiliza. Pigo la kwanza lilikuwa zito, la mwili mmoja. Baadaye likaanza kuwa na sauti mbili, sauti ya chuma na nyuma yake, kidogo tu, sauti ya mti. Shoka lilikuwa linapanda kwenye mpini. Alijua pia Doto yuko wapi, kwa sababu alikuwa akiimba, na wimbo ulitoka mbele ya gogo, upande ambao chuma kikichomoka kitaenda.

Tusimsifu mno Mzee. Aliacha pigo lipite, akaacha na jingine. Alikuwa anapima. Upande mmoja mtoto, upande mwingine ile nailoni, ubaraza, kijiko, na kishindo cha watoto wakirudi shule, vitu alivyovinunua kwa heshima yake yote. Alijiambia labda litashika hadi jioni. Alijiambia labda mtoto atahama. Pigo likapita, na safari hii sauti ya mti ilichelewa.

"Usiinue tena," akasema. "Mtoe mtoto hapo mbele."

Ilikuwa sauti ya barazani kwa mwenye duka, sauti iliyokuwa ikiwanyamazisha wateja. Dereva alikuwa ameshainua. Akabaki hivyo, mkono juu, kisha akaushusha polepole. Chuma kikateleza chenyewe, kikaanguka nyuma ya kisigino chake. Alibaki ameshika kijiti. Akamtazama Doto kwenye ndoo, akatazama kijiti, akakaa juu ya gogo.

Mama Pacha alikuwa ametokea mlangoni na aliona yote. Alimkimbilia Doto, akamzoa, akamkandamiza kifuani hadi mtoto akalalamika kwamba anaumia.

Mzee angeweza kuishia hapo. Angeinamisha kichwa, akatoa udenda, akauliza habari za marehemu, na watu wangesema hata kichaa ana dakika zake. Nadhani ndivyo alivyotaka. Lakini akamsikia mwanawe akipapasa chini, akiokota misumari, akisema kwamba ataongeza mmoja mrefu zaidi, kitashika tu. Kesho atakuwa safarini, kishoka kitabaki na msumari wake mrefu, na watoto watabaki.

Akasimama. Akaenda hadi kwenye gogo bila kujikwaa, kwa sababu ua ule aliujua. Akamnyang'anya mwanawe kishoka. Akauliza kama kuna mti wowote mkavu ndani ya nyumba hii, maana ya kwake wameipikia maji. Dereva akaleta mpini wa jembe bovu uliokuwa umeegemea ukuta miaka mingi. Mzee akaupapasa, akaunusa, akasema utafaa, ukatwe kiasi cha mkono kutoka kiwiko.

Alichonga mbele yao. Hakuna aliyeondoka. Alipunguza kichwa cha mpini kidogo kidogo, akichomeka na kuchomoa, akihisi kwa ncha ya kidole panapogusa, hadi mti ukaingia tunduni kwa kuburutwa na si kwa kutumbukia. Akaupasua mfereji kwa msumeno, akatia kabari ya mti mkavu, safari hii kwa jinsi mikono yake ilivyotaka, na kila pigo la nyundo lilikuwa na mlio wa juu kidogo kuliko lililotangulia. Akakining'iniza kwa uzi kupima kama makali yako sawa na mpini. Akachanja kuni moja, akasikiliza. Kisha akamkabidhi mwanawe, mpini mbele.

Ndipo macho yake yakaona kivuli cha Mama Pacha kimesimama, na mtoto mkononi. Alikuwa haitazami kazi. Alikuwa anamtazama yeye, mikono, shingo iliyonyooka, na suruali iliyokuwa kavu tangu asubuhi.

Mama Pacha alipiga magoti mbele yake. Alimshika mkono, akaulaza usoni pake palipolowa machozi, akamwambia amemwokolea mtoto, Mungu amlipe, hatasahau. Kila neno lilikuwa la kweli. Akavuta kamasi, akajifuta.

"Kumbe unajiweza, baba," akasema taratibu.

Watu husema tenda wema nenda zako. Sasa mzee wa watu aende zake wapi? Jioni ile aliwekewa sahani na hakufungwa taulo. Alirudishwa chumbani kwenye magunia ya sabuni, akatandikiwa godoro. Akapewa maji ya moto akaoga mwenyewe. Mkwe wake alimwamkia kila asubuhi na kumuuliza amelalaje, na chai ililetwa kikombeni, na kikombe kilikuwa na sahani chini yake. Dereva aliondoka na lori kabla ya wakati, bila kuaga. Mzee alikunywa ile chai. Mama Pacha naye alikuwa ameshampigia simu Msimamizi.

Msimamizi alikuja akiwa amechukia, akasema hana muda wa kuchezewa, alichokiona mara ya kwanza alikiona. Safari hii alisimama mbali na mkeka. Mama Pacha alimsimulia habari ya kishoka. Msimamizi akasema yeye haandikishi mtu kwa hadithi. Akainama, akampigia Mzee kelele usoni, akimuuliza jina lake nani, na hapa ni wapi.

Mzee alikwisha kuinamisha kichwa upande. Mdomo ulikuwa wazi, udenda umeanza kushuka kidevuni. Aliuliza kama mkewe amerudi sokoni. Msimamizi akamgeukia Mama Pacha, akaachia mikono, kama kusema unaona mwenyewe.

Doto alikuwa amesimama mlangoni. Hakupenda yule mwanamke alivyokuwa akimpigia babu yake kelele. Hakupenda jinsi alivyomtazama. Akaja hadi mkekani, akasimama mbele ya babu na kumziba, na akasema kwa hasira za mtu anayemtetea ndugu yake.

"Babu anajiweza. Anaoga mwenyewe, anakula mwenyewe, chooni anakwenda mwenyewe hata usiku. Anajua kila kitu. Shoka lilitaka kuniua, yeye ndiye aliyelisikia."

Msimamizi alimtazama mtoto kwa muda. Uso wake ukalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie uani. Akasema mtoto hasemi uongo. Mama Pacha akaingia ndani kukunja nguo.

Doto akageuka amwone babu yake kama amefurahi. Mzee alinyoosha shingo, akamtafuta kichwa kwa kiganja, akakipata, akamwambia amesema vizuri. Kisha akajifuta udenda kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza Msimamizi kama kule choo kiko karibu na vitanda.